Kuli Aliyemfilisi Mumiani

(Mazungumzo ya mzee mmoja aliyekuwa kuli wa bandari, aliyoyatoa mbele ya wanakisomo wa Chumbageni, Tanga. Tumeyaandika kama alivyosema.)



Mwalimu aliniambia, "Mzee, wewe unazijua hadithi za makuli. Njoo utuchekeshe." Nimekubali. Lakini kwanza niwaambie kwa nini nimechagua hadithi ya mumiani, msije mkasema mzee huyu anatutisha na nyumbani kwetu ni mbali.

Mwezi uliopita gari la kuchangia damu lilikuja mtaani kwetu. Wauguzi wawili wakapanga viti vyao chini ya mwembe. Vijana walikuwa barazani wanacheza bao. Mmoja wao akapiga kelele, "Jamani, mumiani hao!" Alitania tu. Watu wakacheka, na mimi nilicheka. Mara nikaona mama mmoja kamshika mwanawe mkono, anakwenda mbio hata kanga inamwanguka. Wengine wanne watano wakamfuata. Siku ile viti vya wauguzi vilikaa vitupu mpaka alasiri.

Neno moja la mzaha, limefukuza watu. Basi tulitazame neno lenyewe.

Mumiani hapo kale hakuwa mtu. Ilikuwa ni dawa. Kitu cheusi kama lami au sandarusi, kikiletwa na majahazi kutoka nchi za Ajemi na Bara Hindi, kikiuzwa madukani. Aliyevunjika mfupa alipakwa, na mwingine aliyeyushiwa katika samli akanywa. Neno hilo limo katika kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya mwaka 1939, na humo mna habari kwamba watu wengi waliamini ile dawa ni damu ya binadamu. Mnaona? Kwanza dawa, kisha watu wakauliza dawa hii inatoka wapi, kisha wakajibu wenyewe. Mwisho jina la dawa likawa jina la mtu anayekamata watu usiku.

Tena wakati wa Waingereza mumiani akapata gari. Watu walisema ni gari jekundu la zimamoto. Hii haikuwa Tanga peke yake. Nairobi walisema hivyo, na Kampala, hata watu wakawaogopa wazimamoto kuliko moto. Mama mmoja Mmarekani, Luise White, alikwenda kuwauliza wazee wa Kenya na Uganda, akaandika kitabu kizima mwaka 2000. Yeye hakuwacheka. Alisema hadithi hizi zinaonyesha jinsi watu walivyouona utawala wa wageni na kazi zake. Na mimi nasema ni kweli. Fikirini mkata mkonge wa zamani, manamba, ametolewa kwao mbali, amepewa namba na kipande, anafanya kazi mpaka amekonda. Akiona daktari wa kizungu anamchoma sindano na kutia damu yake katika kichupa, unataka awaze nini? Hakuna aliyemweleza.

Sasa hadithi. Nilianza kazi bandarini Tanga nikiwa kijana mdogo. Zamani zile meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa gatini kwa matishali. Kwa hiyo usiku tulikaa tukingoja tishali, hatuna la kufanya ila kusema. Wazee wa kazi walikuwa watu wa maneno. Ndio waliokuwa wakitusimulia mgomo wa makuli wa Tanga wa mwaka 1939. Na ndio walionisimulia hii.

Palikuwa na mumiani, nyumba yake Raskazone, karibu na bahari. Ana gari halina taa. Usiku mmoja akatoka kutafuta damu. Akamwona karani, kavaa suruali na tai. Karani akaona gari, akaacha viatu akakimbia. Akamwona mpiga ngoma shujaa wa Ngamiani, aliyekuwa akisema kila siku, "Mimi mumiani nitamla mbichi." Shujaa akapanda mnazi, na mpaka asubuhi alikuwa huko huko, watu wakamteremsha kwa kamba.

Aliyebaki njiani ni kuli mmoja. Yeye hakukimbia. Si kwa ushujaa, jamani! Alikuwa amebeba magunia tangu alfajiri, miguu imekataa. Gari likasimama, mlango ukafunguka. Kuli akauliza, "Mwaelekea Chumbageni?" Akaingia mwenyewe, akalala usingizi.

Mumiani akafurahi. Akamfikisha nyumbani, akamfunga kitandani, akachoma sindano ya kwanza. Hola. Akachoma ya pili. Likatoka tone moja, nalo jembamba kama maji ya kuoshea mchele. Mumiani akakasirika, "We bwana, damu yako iko wapi?"

Kuli akafumbua jicho moja. "Damu yangu? Nenda kamwulize msimamizi wa gati. Mimi nalipwa kwa siku, na siku nyingine hakuna meli. Wewe umechelewa, bwana. Wenzako wamekwisha kupita."

Mumiani akawaza. Amekwisha kutumia petroli, na mtu mwenyewe ndiye huyu. Akaona heri amlishe kwanza, damu irudi. Akamwuliza, "Unakula nini?"

Hapo ndipo kuli alipokaa kitako. "Asubuhi, supu na mkate wa ajemi. Mchana, bada na samaki, awe nguru, usiniletee dagaa. Saa kumi, machungwa ya Muheza, yaliyomenywa. Usiku tutasikilizana."

Siku saba anakula. Siku ya nane mumiani kaja na sindano. Kuli akamwambia, "Ngoja. Kazi ya kutoa damu ni kazi au si kazi?" Mumiani akasema ni kazi. "Basi kipande changu kiko wapi? Na saa za kazi ni ngapi? Kutoa damu usiku ni ovataimu, malipo mara mbili. Na Ijumaa sitoi."

Mumiani kichwa kikamwuma. Hajapata kuona mtu wa namna hii. Akaandika kipande, akatia sahihi. Kuli akakitazama, akakigeuza juu chini, maana hakujua kusoma, akasema, "Andika tena, mwandiko huu mbaya." Mara tatu. Wino ukaisha, wakangoja duka lifunguliwe Jumatatu.

Mwezi ukaisha. Kuli kanenepa, shingo haionekani. Mumiani kakonda, maana chakula chake yeye ni damu na damu hajapata, na fedha zote zimekwenda kwa mwuza samaki. Akauza gari. Akauza sindano. Mwisho akapiga magoti. "Ndugu yangu, nakuomba, nenda kwenu."

"Niende kwetu?" akasema kuli. "Umeniachisha kazi mwezi mzima. Nilipe notisi."

Basi mumiani hana senti. Alfajiri wakaondoka wote wawili kwa miguu mpaka lango la bandari, mumiani akapanga mstari pamoja na vibarua. Msimamizi akamtazama, akamchagua, kwa kuwa ni mgeni na hajui kulalamika. Akapewa gunia la kilo mia. Jioni kaja kwa kuli, mgongo umepinda, anatetemeka, anasema, "Kaka, hawa watu hapa wananyonya kuliko mimi." Kesho yake hakuonekana tena. Ndiyo Tanga, waja leo waondoka leo.

(Watu walicheka sana, na mzee alingoja mpaka kelele zikaisha.)

Wale wazee hawakuwa wajinga. Mumiani wao wa gari walimwogopa kwelikweli, lakini yule wa mishahara walimjua kwa sura. Wakati Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, na neno "mnyonyaji" likaenea kila mahali, na watu wakaambiwa wakate mirija, sisi bandarini tulielewa upesi, kwa sababu hadithi tulikuwa nayo tayari.

Na msidhani ni sisi tu. Ulaya wanaye wa kwao, anaitwa Drakula. Aliandikwa katika kitabu cha mwaka 1897 na mtu wa Ireland, Bram Stoker. Huyo ni bwana mkubwa, ana jumba la mawe, na wanaomshinda wengi wao ni waungwana, daktari na wakili. Lakini mjukuu wangu amenionyesha katika simu yake sinema ya Marekani ya mwaka 1948 ya wachekeshaji Abbott na Costello. Humo wanaopambana na Drakula ni wachukuzi wawili wa mizigo! Wanapokea masanduku, na ndani ya sanduku moja yumo Drakula mwenyewe. Yule mchukuzi mnene anamwona, mwenzake haoni kitu, kila akigeuka Drakula kajificha. Na Drakula anataka ubongo wa yule mnene, autie katika lidude lake, kwa kuwa anaudhani ni wa mtu mjinga asiyebisha. Nilicheka hata mjukuu akaogopa. Makuli wa Marekani na makuli wa Tanga hawakuonana, lakini wote walijua kuwa bwana mkubwa hukosea pale pale, kwa kudhani mbeba mzigo hana akili.

Sasa nitasema jambo ambalo halichekeshi.

Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulienea, na umati ukamwua askari polisi. Mtasema zamani hizo, watu hawakusoma. Haya. Mwezi Oktoba mwaka 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Walikuja watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, watafiti na dereva wao. Kazi yao ilikuwa kuchukua udongo wakaupime. Udongo, jamani, wa shamba, ili mkulima ajue apande nini. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba ni wanyonya damu. Watu wakaja na mapanga na mawe. Wote watatu wakauawa, wakachomwa moto pamoja na gari lao. Mwaka uliofuata, 2017, ikawa Malawi. Wanyonya damu hawakuonekana hata mmoja, lakini watu waliuawa na makundi ya watu, hata Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Mimi nimefikiri sana juu ya wale wa Mvumi. Hakuna aliyewauliza, "Ndugu, mwatafuta nini?" Kuli wa hadithi yetu alimwuliza mumiani maswali mpaka mumiani akafilisika. Kipande kiko wapi? Saa ngapi? Malipo gani? Wale watafiti walikuwa na majibu, lakini hawakupata nafasi ya kuyatoa.

Basi na mimi baada ya siku ile ya mwembe nikaenda kuwauliza wauguzi. Sikuona haya. Nilijifunza kusoma mwaka 1975, nikiwa mtu mzima na mke na watoto, kwa hiyo kuuliza nimezoea. Nikasema, "Binti yangu, damu mnapeleka wapi?" Akanijibu vizuri. Alisema mtu mzima ana damu kama lita tano. Wao huchukua mfuko mmoja, kama mililita 450, haifiki nusu lita. Huipima kwanza kama ina virusi vya UKIMWI, homa ya ini au kaswende. Haikai miaka, ni wiki chache tu katika jokofu, ndiyo maana kila siku wanatafuta nyingine. Mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Asiyefika kilo 50 hatoi. Nikamwuliza nani anaipata. Akasema wengi ni akina mama waliotokwa na damu wakati wa kujifungua, na watoto wadogo waliopungukiwa damu kwa malaria.

Nikamwuliza tena, "Na inauzwa?" Akasema, "Hapana, babu. Haiuzwi." Nikamwambia, akija mtu akakudai fedha?" Akasema, "Mtaje." Nikaridhika.

Nikakunja mkono wa shati. Nikasema, mimi ndiye niliyecheka siku ile, basi anza na mimi. Yule binti akanitazama, akauliza, "Babu, umri wako?" Nikamwambia. Akasema mwisho ni miaka 65. Akanipa soda, akaniambia nikakae kivulini.

Nikakaa pale na soda yangu. Yule kijana wa mumiani alikuwa barazani na bao lake. Nikamwita, "Njoo hapa, mwanangu. Una kilo ngapi wewe?"

Akasema hajui. Wakampima. Alikuwa na 71.