Kiungulia Baada ya Lango Kulegezwa

Ugali wa uwele kwa mlenda hauhitaji kubembelezwa kooni. Wagogo wanajua unavyoteleza. Mgonjwa wa akalasia, hata huo humkwama. Tonge hufika kifuani likagoma, na maji ya kulisukumia nayo yakarudi. Wengine hutibiwa vidonda vya tumbo muda mrefu, kumbe kasoro iko chini ya umio: misuli inayolinda lango la tumbo imekataa kulegea.

Ugonjwa wenyewe ni adimu. Mwaka 1674 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari za mgonjwa aliyempa kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sponji nchani, akawa anasukumia chakula kila mlo. Mtu na mchi wake!

Mwaka 2008 Haruhiro Inoue wa Japani alianza kutumia njia nyingine. Mpira wenye kamera hupitishwa mdomoni, daktari akachimba njia chini ya utando wa umio, akakata misuli iliyokaza, kisha akafunga tundu kwa vibanio. Nje hakuna kovu.

Lakini lango likishalegea halichagui cha kupitisha. Chakula kinashuka, tindikali inapanda. Utafiti wa wagonjwa 221 uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa miaka miwili baadaye, asilimia 44 ya waliotibiwa hivyo na kupimwa walikuwa na michubuko kwenye umio. Kwa waliopasuliwa tumboni ilikuwa 29. Na baya zaidi, wengine hawasikii kiungulia chochote, kwa hiyo aliyepona kumeza bado anahitaji kurudi kupimwa kwa mpira.

Tiba ya kwanza ya tindikali hiyo ni vidonge, kama omeprazole, kabla ya kula. Visipotosha, daktari anaweza kurudi kwa njia ileile ya mdomo: kifaa huvuta sehemu ya juu ya tumbo, kikaizungushia mwisho wa umio kama lubega na kuibana. Haizungushwi yote, huishia kama robo tatu, kwa kuwa umio wa mgonjwa huyu hauna nguvu ya kusukuma. Ukikabwa sana, tonge litakwama upya. Mwaka huohuo wa 2019, Inoue na wenzake walieleza namna ya kukata na kukunja kwa mkupuo mmoja.

Huko Dodoma kwa Wagogo, rufaa za kanda ya kati huelekea Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nyumbani, mgonjwa hula mapema jioni, na miguu ya kitanda upande wa kichwani huinuliwa kwa matofali, ili tindikali isipande.