Katika Kurekodi Muziki Pia, Kinyozi Hajinyoi



Mhasibu wa serikali, hata awe mwaminifu namna gani, hakagui hesabu zake mwenyewe. Mwalimu wa kidato cha nne naye hapewi karatasi za mtihani wa taifa za wanafunzi wake azisahihishe. Utaratibu huo haukuwekwa kwa kuwa watu hao ni wezi, bali kwa kuwa aliyekaa na kazi muda mrefu huacha kuyaona makosa yake. Wazee walilimaliza jambo hilo kwa maneno mawili: kinyozi hajinyoi. Muziki unaorekodiwa unaihitaji kanuni hiyo hiyo, na katika studio nyingi za Afrika Mashariki bado haifuatwi.

Katika miaka ya 1960 na 1970, bendi iliyokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ilipiga wimbo mzima kwa pamoja. Fundi mitambo alipanga vipaza sauti, akamweka mwimbaji karibu na wapiga tarumbeta mbali, na uwiano wa sauti ukapatikana kabla tepu haijaanza kuzunguka. Mmoja akikosea, wimbo ulirudiwa tangu mwanzo. Santuri zenyewe zilichapwa Nairobi. Popote santuri ilipotengenezwa, fundi aliyechonga mifuo yake alilazimika kuusikiliza wimbo upya, maana besi ikizidi, sindano huruka. Hivyo mtambo wenyewe ulimlazimisha mtu wa pili kuitazama kazi.

Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ya Marekani ilimtengenezea mpiga gitaa Les Paul mashine ya tepu yenye njia nane. Tangu hapo ikawezekana kila chombo kurekodiwa peke yake, na uwiano ukafanywa baadaye. Hapo ndipo zilipokomaa kazi mbili zinazosahaulika leo. Ya kwanza ni kuchanganya sauti, ambako mafundi huita kumiksi: kuamua gitaa la solo lisikike wapi, tumba zikae nyuma kiasi gani, mwangwi uongezwe au upunguzwe. Ya pili ni kuukamilisha wimbo, yaani mastaringi: kuupima ukiwa mzima, kuulinganisha na nyimbo wenzake, na kuuandaa kwa santuri, redio au intaneti.

Leo kijana mwenye kompyuta hutunga mdundo, humrekodi mwimbaji, huchanganya na kukamilisha usiku huo huo. Ni haki kukiri kwamba kompyuta imewafungulia mlango wengi ambao zamani wasingeuona. Lakini sikio lililofanya kazi tangu asubuhi limechoka. Chumba nacho hudanganya: katika chumba kidogo chenye kuta tupu besi huweza kuvuma kupita kiasi, fundi akaipunguza, na wimbo ukifika ndani ya daladala husikika mwembamba kama uji wa mgonjwa. Kubwa zaidi, fundi huyo ameyasikia maneno ya wimbo mara mia. Huyasikia hata pale yalipofunikwa na ngoma, kwa sababu anayajua. Msikilizaji hayajui. Katika wimbo wa Kiswahili, ambao watu wengi huupenda kwa ujumbe wake, hasara hiyo si ndogo.

Kuna na ugonjwa wa kupandisha sauti. Mtu akisikilizishwa wimbo mmoja mara mbili, mwanzoni huelekea kuusifu ule wenye sauti kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo mafundi wengi duniani walizibana nyimbo hadi pasibaki tofauti kati ya mnong'ono na kelele. Mwaka 2008 bendi ya Metallica ya Marekani ilipotoa albamu ya Death Magnetic, wapenzi wake walilalamika kwamba sauti zinakwaruza. Fundi aliyeikamilisha, Ted Jensen, alieleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa. Funzo lipo wazi: mkaguzi hawezi kuokoa hesabu iliyoharibiwa kabla ya kumfikia. Tena mashindano hayo yamepoteza maana. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu lilitoa mwaka 2006 kanuni ya kupima ukubwa wa sauti, na huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti kama Spotify hushusha zenyewe wimbo uliopandishwa mno. Kelele inashushwa, lakini mkwaruzo unabaki.

Watakuwapo watakaosema kwamba msanii maskini hawezi kulipa mafundi wawili. Hoja hiyo ni nzito, lakini haifungi njia. Mafundi wawili wa mtaa mmoja wanaweza kubadilishana kazi, kila mmoja akakamilisha nyimbo za mwenzake. Asiye na mwenzake na aulaze wimbo siku mbili, kisha ausikilize kwa simu, kwa redio ndogo na ndani ya gari. Kila chombo kihifadhiwe peke yake, ili kosa likigunduliwa kesho lirekebishike. Na jina la fundi liandikwe pamoja na la mwimbaji, maana kazi isiyo na jina ni vigumu kudaiwa ujira, wala haina wa kuulizwa ikiharibika.

Walimu wanao mtihani usiogharimu senti. Kwaya ya shule inaporekodi wimbo, na aitwe mwanafunzi ambaye hajausikia kamwe, apewe karatasi na kalamu, aandike maneno anayoyasikia kama anavyoandika imla. Akiacha mapengo, kosa si la mwanafunzi. Wimbo urudishwe studio.