Ajali, Kadari na Haki ya Aliyeumia

(Hotuba iliyotolewa mjini Morogoro katika mkutano wa mwezi)



Mji wetu wa Morogoro umekaa njia panda. Hapa Msamvu barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa hadi mpaka wa Zambia. Nazo njia za milima ya Uluguru, kutoka Mgeta, Matombo na Kinole, huteremsha mboga, ndizi na watu tangu alfajiri, gari likiwa limesheheni mizigo juu na abiria hadi mlangoni. Kwa hiyo misiba ya barabarani si habari ya mbali kwetu. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliofariki wakafikia wapatao 100. Tarehe 18 Machi, 2022, basi na lori viligongana Melela Kibaoni, wilayani Mvomero, wakafa watu 22.

Baada ya kila mazishi husikika maneno haya: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Maneno ni ya kweli, na muumini huyatamka kwa subira. Lakini maneno hayo hayo hutumiwa pia kumnyamazisha mjane anapouliza nani atawalea watoto wake. Huambiwa kwamba kudai ni kukosa imani. Jambo hili ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Hata lugha yetu inatupa la kuzingatia. Neno ajali latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa. Kila nafsi ina muda wake. Basi je, aliyesababisha kifo amekwisha salimika kwa kuwa muda wa marehemu ulikuwa umefika? Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, inatoa hukumu ya mtu aliyeua bila kukusudia. Pamoja na kutokusudia kwake, amewajibishwa kutoa kafara, na kulipa dia kwa jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Kama kadari ingeondoa dhima, dia isingekuwapo. Kadari ni siri ya Mwenyezi Mungu. Dhima ni jukumu la mwanadamu. Na ikumbukwe kwamba msamaha ni wa mwenye haki. Dereva hawezi kujisamehe, wala jirani hawezi kusamehe kwa niaba ya yatima.

Sheria ya nchi yetu nayo haikuwaacha walioumia. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto kiendacho barabarani kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kutengeneza gari la tajiri. Imewekwa kwa ajili ya mtu aliyegongwa akivuka barabara, na abiria aliyelipa nauli yake. Bodaboda na bajaji pia zimo. Aidha, dereva akikosea akiwa kazini, mwajiri wake huwajibika pamoja naye. Na mtu akifariki, Sheria, Sura ya 310, inawaruhusu mke au mume, wazazi na watoto wake kudai fidia.

Wengi hudhani kwamba dereva akishapigwa faini mambo yamekwisha. Sivyo. Faini huingia katika hazina ya Serikali. Haimnunulii majeruhi hata kidonge kimoja. Fidia ni dai jingine, nalo lina muda wake: dai la madhara linalopelekwa mahakamani lisipofunguliwa ndani ya miaka 3, kwa kawaida hufungiwa mlango. Kwa hiyo ajali ikitokea, toeni taarifa polisi na mchukue fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Andikeni namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Tunzeni tiketi, vyeti vya hospitali na risiti za dawa. Msitie sahihi karatasi ya suluhu mkiwa bado katika matanga, kwa sababu tu mmepewa fedha za sanda na mchele.

Fidia ikipatikana, kuna mtihani mwingine. Kwa mila ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Tunawaheshimu wajomba zetu. Lakini fedha iliyotolewa kwa ajili ya mjane na yatima si mali ya kikao cha ukoo. Mjomba mwema ni yule aendaye nao mahakamani na kuhakikisha ada ya shule imelipwa.

Mwisho, nasema na wamiliki na madereva waliomo miongoni mwetu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa uliowekwa katika makazi ya watu si adui wa riziki. Mwenye pikipiki amwekeaye kijana hesabu asiyoweza kuifikisha ila kwa kukimbia, naye ana sehemu yake katika damu itakayomwagika. Mwenye gari aachaye bima imalizike muda wake amewanyima haki watu asiowajua. Nasi abiria tusione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Na lori la mafuta likianguka, tukae mbali nalo, na tuwazuie watoto wetu.

Subira ni kuipokea hukumu ya Mwenyezi Mungu bila manung'uniko. Kuirudisha haki kwa mwenyewe ni kuitii amri Yake. Mambo haya mawili hayagombani. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awaponye majeruhi, na atujaalie kuwa walinzi wa yatima wetu. Amin.