Sivii Ijibu Tangazo la Kazi



Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka watumishi wa umma waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa kustahili. Lakini siku Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inapochuja maombi, mwombaji hayupo chumbani. Karatasi zake ndizo zinazomsemea. Wapo wenye ujuzi kamili wanaoachwa nje katika mchujo kwa sababu tu sivii zao hazikuuonyesha ujuzi huo.

Anayechuja hulinganisha sivii na tangazo, sharti moja baada ya jingine. Kwa hivyo mwombaji aanze na tangazo: apigie mstari kila sharti, kisha ahakikishe kila moja lina jibu linaloonekana upesi.

Mfano ni fundi bomba. Tangazo linataka KCSE, cheti cha NITA cha daraja la tatu na uzoefu wa miaka mitatu. Fundi akiandika kwamba amefanya kazi ya mabomba kwa muda mrefu, hajajibu. Aandike hivi: "Fundi bomba, kampuni ya ujenzi, Machi 2019 hadi Juni 2023: kuunganisha mabomba ya maji, kufunga mita, kuziba mivujo." Hapo miaka inahesabika. Kampuni yenyewe aitaje kwa jina. Kazi ya jua kali nayo iandikwe vivyo hivyo: mahali, mwezi na mwaka, kazi iliyofanywa, na mtu anayeweza kuithibitisha.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Juu kabisa ni majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari ya simu inayopatikana, barua pepe na anwani. Majina yakitofautiana na ya vyeti, hati ya kiapo iambatishwe. Hufuata elimu, kisha kazi, na katika kila sehemu la karibuni litangulie. Baadaye ni mafunzo mengine na lugha. Mwisho ni warejelewa, ambao waombwe ruhusa kabla ya kuandikwa.

Herufi ziwe nyeusi, za ukubwa wa 11 au 12, na nafasi iachwe kati ya sehemu moja na nyingine. Kwa kazi nyingi kurasa mbili zinatosha. Fremu za maua na rangi nyingi hazimsaidii mtu. Maombi yakitumwa kwa barua pepe, faili iwe ya PDF, na ipewe jina la mwombaji na la nafasi anayoomba.

Anayechapishiwa saiba asome kila mstari kabla ya kulipa. Sivii ya saiba mara nyingi hunakiliwa kutoka kwa ya mteja mwingine, na nambari ya simu ya mtu huyo ikibaki, ndiye atakayepigiwa kuitwa kwenye mahojiano.

Dini na kabila havina nafasi katika sivii. Hata hivyo, fomu ya maombi ikiuliza kabila, ijazwe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti. Mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu naye ataje usajili wake.

Na kilichoandikwa kiwe kweli. Cheti kinaweza kuthibitishwa na KNEC au chuo kilichokitoa, na kutumia cheti bandia ni kosa la jinai. Kijana mwenye daraja la chini lakini la haki ana nafasi ya kujaribu tena. Aliyeghushi huenda akajibu mashtaka kortini.

Kabla ya kutuma, mwombaji ampe jirani tangazo na sivii yake. Jirani akishindwa kuona jibu la sharti lolote, irekebishwe siku hiyo hiyo, kwa maana tarehe ya mwisho ikipita hakuna wa kumsikiliza.