Maji ya Mara na Swali la Herodotus

Mvua ikinyesha Tarime, maji huteremka mto Tighite, yakaingia mto Mara, yakaishia Ziwa Victoria. Ziwa nalo huyatolea Jinja, yakashuka kwa mto Nile kupitia Sudan hadi Misri. Mtoto wa shule pale Itiryo analijua hilo. Karibu miaka 2,500 iliyopita, Mgiriki mmoja alifika Misri akiwa na hamu kubwa ya kulijua: Nile unatoka wapi, na mbona unafurika wakati wa kiangazi?

Msikilizaji, mtu huyo ni Herodotus, mzaliwa wa Halicarnassus, mji ulioko Uturuki ya leo. Katika kitabu cha pili kati ya vitabu vyake tisa anasimulia alivyouliza Wamisri, akauliza Walibya, akauliza Wagiriki wenzake, asipate jibu. Karani mmoja wa hekalu mjini Sais alimwambia kuna milima miwili yenye vilele vilivyochongoka, na chemchemi ziko katikati. Herodotus aliyaandika maneno hayo, kisha akasema alimwona karani kama anafanya mzaha. Akaeleza pia kwamba yeye mwenyewe alifika Elephantine, karibu na Aswan, na kwamba ya mbele ya hapo aliyasikia tu kwa watu.

Hapo ndipo penye utamu wake. Mzee wa Kikurya anayeheshimika kwa masimulizi husema hivyohivyo: hili nililiona, hili aliniambia baba. Hata hesabu ya wakati inafanana. Herodotus anahesabu vizazi vitatu kuwa miaka 100. Wakurya nao huyapanga mambo ya kale kwa vizazi na kwa marika ya tohara.

Alikosea pia. Wapo waliosema Nile hufurika kwa theluji inayoyeyuka. Yeye akakataa: theluji itatoka wapi katika nchi za joto namna ile? Kumbe Kilimanjaro ipo, na weupe wake kileleni. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji hiyo na kutoa taarifa, wataalamu wa London walimbeza kwa hoja ileile ya Herodotus. Hata hivyo, kuhusu mafuriko yenyewe Mgiriki huyo hakupotea sana: hayatokani na theluji, bali mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Tunaweza kumsahihisha leo kwa sababu aliweka hoja zake zote mezani, za kwake na za wapinzani wake. Waandishi wangapi wa sasa hutupa nafasi hiyo?

Mgiriki mwingine, Thucydides, ni mzito zaidi. Alikuwa kamanda katika vita vya Athens na Sparta vilivyoanza mwaka 431 KK, akashindwa kuuokoa mji wa Amphipolis, akaishi uhamishoni miaka 20. Tauni ilipoipiga Athens aliugua, akapona, akaandika dalili zake moja baada ya nyingine. Lakini ukurasa wa kusomwa polepole ni ule wa Corcyra, mwaka 427 KK, raia walipochinjana wao kwa wao. Anasema maneno yenyewe yaligeuka maana: mwenye pupa ya kupigana akaitwa jasiri, anayetaka kufikiri kwanza akaitwa mwoga. Tarime, ambako koo zimewahi kumwaga damu kwa ajili ya ardhi na mifugo, ukurasa huo hauhitaji mtu wa kuufafanua.

Na vitabu hivi si vigeni mkoani Mara kama inavyodhaniwa. Shakespeare alichota kisa cha tamthilia yake ya Kaizari kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya watu mashuhuri wa Ugiriki na Roma. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, akaileta tamthilia hiyo kwa Kiswahili. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Anayetaka kuwaonja Wagiriki hawa na aanzie hapo, kisha amtafute Herodotus, amsome kwa sauti nyumbani, wazee wakiwapo.