Ndugu Waliorudi Nyuma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya Wakristo wenzetu walioiacha imani, na namna ya kuwasaidia. Wanachama wetu walio Waislamu watanistahimilia kwa muda mfupi. Nadhani nao wanao ndugu wa namna hiyo.

Jambo hili si geni katika Afrika. Mwaka 250 Kaizari Decius wa Roma aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu, kisha wapewe hati yenye mashahidi. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo zimeonekana katika Misri. Katika mji wa Carthage, katika nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristo wengi waliogopa. Wengine walitoa dhabihu kwa mikono yao wenyewe. Wengine walitoa fedha tu, wakanunua hati pasipo kuikaribia madhabahu. Hatari ilipopungua, wengi walitaka kurudi.

Hapo palitokea mashindano. Kule Roma kasisi mmoja, Novatian, alishikilia kwamba kanisa lisiwapokee tena kamwe. Carthage kwenyewe walikuwako waliotaka wapokewe mara moja, pasipo kuulizwa neno. Askofu Cyprian na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251, wakazikataa njia zote mbili. Walikata shauri kwamba habari ya kila mtu ichunguzwe peke yake: aliyenunua hati asihesabiwe sawa na aliyetoa dhabihu. Toba ya hao waliotoa dhabihu iliwekwa iwe ndefu, lakini mlango haukufungwa.

Mabwana, nalipenda sana shauri lile. Sisi husema, "Fulani amerudi nyuma," kana kwamba hiyo ndiyo habari nzima. Lakini yuko ambaye zamu yake ya kazi iliangukia Jumapili, akakosa miezi miwili, kisha akaona haya kuonekana tena. Yuko mama aliyefiwa na mtoto, na wenziwe wa kanisani wasifike matangani. Yuko mwenye deni la michango, adhaniye kwamba akiingia ataulizwa fedha kabla ya kuulizwa hali. Na tusifiche: yuko aliyechagua pombe, akijua alifanyalo. Huyo wa mwisho ahitaji maneno ya wazi. Wale wengine wahitaji kwanza kutembelewa. Ukimpelekea mama mfiwa mahubiri ya toba, umemfukuza mara ya pili.

Paulo, alipowaandikia Wagalatia juu ya kumrejeza mtu aliyeanguka, alitumia neno la Kiyunani lile lile litumiwalo katika Injili kwa wavuvi waliokuwa wakizitengeneza nyavu zao. Mvuvi wa ziwani au wa pwani aijua kazi hiyo. Hukaa chini na wavu magotini, akalitafuta tundu lilipo, akafunga fundo moja moja. Ni kazi ya mchana kutwa, wala haina kelele.

Basi waendao kumtazama ndugu wawe wawili, wasiende siku ya kukusanya michango, wala wasichukue daftari. Wasikilize kwanza. Jina lake lisitajwe mbele za watu. Akikubali kuja, wampitie nyumbani asubuhi, maana mlango wa kanisa ni mzito kwa mtu auingiaye peke yake baada ya miaka mitatu.

Chama hiki kina desturi njema ya kuzika. Mwanachama akifa, jeneza hupatikana, na gari la kumpeleka kwao hupatikana, na watu hukesha, hata kama marehemu hakuonekana kanisani miaka kumi. Ningependa sehemu ya mkesha huo apewe angali hai. Bwana Mwandishi anayo orodha ya waliokoma kuhudhuria. Naomba Kamati iuchagulie kila mtaa watu wawili, na kila jina katika orodha hiyo liwe limekwisha kutembelewa kabla ya Pasaka.