Baridi Inasingiziwa

Ndugu msikilizaji, ukipita Njombe mjini alfajiri ya mwezi Juni au Julai, utawakuta vijana wakikimbia mazoezi huku mvuke ukiwatoka midomoni. Mji ule uko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na zipo asubuhi ambapo majani huamka yamefunikwa na sakitu. Muulize kocha kwa nini wachezaji wake wanne wanakohoa na wawili wanajikuna miguu. Jibu ni moja tu: "Baridi hii, ndugu yangu." Teremka hadi Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi, uulize swali hilo hilo. Utajibiwa vivyo hivyo, ila huko upepo na vumbi la njia panda navyo huongezwa kwenye mashtaka.

Wiki hii naomba niitetee baridi. Mafua huletwa na virusi, majipu huletwa na bakteria, na choa huletwa na fangasi. Baridi peke yake haizai hata kimoja kati ya hivyo. Kinachotuponza ni yale tunayoyafanya tunapoikimbia baridi, nayo ni matatu: tunafunga madirisha, tunakwepa maji, na tunavaa nguo ambazo hazijakauka.

Chukua mfano wa kambi ya vijana wanaojiandaa kwa UMISSETA au UMITASHUMTA. Vijana ishirini wanalala katika darasa moja, magodoro yamebanana, madirisha yamefungwa kabisa. Mmoja akiwa na mafua, wote wanavuta hewa aliyoitoa yeye. Baada ya mazoezi ya jioni maji ni ya baridi kama barafu, hivyo kijana ananawa uso na miguu tu, anaingia kitandani na jasho lake. Jezi iliyofuliwa jana bado ina unyevu, lakini mechi ni leo, inavaliwa hivyo hivyo. Viatu vya mpira navyo vinazunguka kwa wachezaji watatu. Hapo hatuna haja ya kumtafuta mchawi.

Tuanze na ngozi. Fangasi wa miguu hupenda kati ya vidole. Ngozi hulainika, hugeuka nyeupe, hubanduka na kuwasha. Choa ni baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na katikati kumetulia. Yote mawili hutibika kwa krimu ya klotrimazoli, inayopatikana katika maduka ya dawa muhimu. Tatizo ni kwamba wengi huacha kuipaka siku muwasho unapokwisha. Endelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kupona, maana mdudu bado yupo. Tahadhari na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Muwasho hutulia upesi, mgonjwa akafurahi, kumbe chini kwa chini fangasi anatambaa na kuenea. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake. Yanahitaji vidonge vya kumeza, kwa maelekezo ya mganga.

Jipu lisikamuliwe. Likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, lifunikwe, na taulo ya mwenye jipu isiguswe na mwingine. Likiwa usoni, likiambatana na homa, au wekundu wake ukizidi kutanuka, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Nao muwasho unaozidi usiku, wenye vipele kati ya vidole vya mikono, mara nyingi ni upele. Huo hautibiwi kwa mtu mmoja. Waliolala pamoja wote hutibiwa siku moja, na matandiko yakafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Sasa tuje kwenye kifua. Madaktari wa michezo wana kipimo chepesi ambacho kocha yeyote anaweza kukitumia: tazama shingo. Dalili zikiwa juu ya shingo, yaani kamasi, chafya na koo kukereketa kidogo, bila homa, mchezaji anaweza kufanya mazoezi mepesi. Zikishuka chini ya shingo, yaani kikohozi kizito, kifua kubana, maumivu ya mwili, au akiwa na homa, apumzike. Hapo simzungumzii mchezaji kupoteza mpira. Virusi wanaoleta homa wanaweza kuushambulia msuli wa moyo, na moyo ulioshambuliwa ukilazimishwa kukimbia dakika tisini unaweza kusimama uwanjani. Mechi hurudiwa, ndugu msikilizaji. Moyo haurudiwi.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa siku saba hadi kumi. Vidonge vya amoksilini havimuui kirusi. Vinawafundisha bakteria usugu. Tena kwa mwanamichezo wa mashindano makubwa dawa za mafua zina mtego wake. Mwaka 2000, huko Sydney, msichana wa Romania, Andreea Răducan, alinyang'anywa medali ya dhahabu ya sarakasi za Olimpiki kwa sababu ya kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu. Kwa hiyo uliza kabla ya kumeza.

Yuko pia kijana anayekohoa na kutoa mluzi kifuani kila akimaliza mbio za asubuhi, lakini hana homa wala kamasi. Huyo huenda ana pumu inayoamshwa na hewa baridi na kavu, au na vumbi. Haambukizi mtu. Apashe mwili moto taratibu, afunike mdomo kwa kitambaa, na amwone daktari apate dawa ya kuvuta.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure. Na tusifichane: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta Virusi vya Ukimwi kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Njombe, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine. Mwenye mkanda wa jeshi, au ambaye fangasi na vifua havimwachi, apime mapema aanze dawa. Virusi hivyo haviambukizwi kwa jezi wala kwa kushikana mikono, kwa hiyo asiwepo wa kumtenga mwenzake.

Tufanye nini basi? Dirisha moja liachwe wazi kidogo, hata usiku, na blanketi liongezwe. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe. Hewa yake imeua waliolala. Pipa moja la maji ya moto jioni lina faida kuliko seti mpya ya jezi. Kila mchezaji awe na taulo yake, wembe wake na chupa yake ya maji. Miguu ikaushwe kati ya vidole, soksi zibadilishwe kila siku, jezi ipigwe pasi ikikosa jua.

Lakini la kwanza kabisa ni ulimi. Vijana wengi huficha homa kwa kuogopa kupoteza namba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu wa michezo, mtangazie kijana wako leo kwamba atakayesema anaumwa nafasi yake itamngoja. Ukilisema hilo mbele ya timu nzima na ukalitimiza, utapata habari za ugonjwa siku ya kwanza, wakati bado ni wa mtu mmoja.